Laki moja ya kalafati

Kiinua mgongo changu kilipoingia benki, kila mtu alikuwa na mpango nacho isipokuwa mimi. Binti yangu alitaka nijenge vyumba vya kupangisha. Jirani akapigia debe bodaboda mbili. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka, anayevua kwa vyombo vya watu tangu amalize darasa la saba, hakusema kitu. Kila Ijumaa baada ya swala alipita nyumbani na samaki watatu aina ya changu kwenye mfuko, "Shikamoo Shangazi," akanywa maji, akaenda zake. Ijumaa ya sita nikamshika.

"Haya, sema."

"Shangazi, mashua."

Mimi nimekuwa mhasibu kwa miaka 27. Bei nilizozoea ni zile zilizokwisha kuandikwa na kugongwa muhuri, ukikuta kipengele kimefutwa kwa wino mweupe unajua kuna mtu ataitwa ofisini. Lakini pia mimi ni mtu wa Tanga, na sijawahi kununua doti ya kanga kwa bei ya kwanza. Kwa hiyo niliingia kwenye ununuzi wa chombo na imani mbili zisizopatana: kwamba bei iliyobandikwa ukutani ni ya haki kwa kuwa ni moja kwa wote, na kwamba anayelipa bei aliyotajiwa mara ya kwanza ni mgeni wa mji.

Tulianza na boti za faiba, Dar es Salaam. Kijana wa pale alitupa karatasi yenye orodha: urefu huu, bei hii. Ya mita 7 ilikuwa milioni 16 bila mashine. Nikauliza mwisho ngapi, akacheka kwa adabu: "Mama, hapa hatupatani." Sawa. Mpwa wangu akagonga ubavu wa boti kwa kifundo cha kidole, akauliza ina mati mangapi ndani, yaani tabaka ngapi za nyuzi. Kijana akasema yanatosha. Hapo ndipo tulipoagana. Faiba ikishakauka na kupakwa rangi, wewe mnunuzi huwezi kujua ndani kuna tabaka tatu au tano, na mtu asiyetaka kupatana wala kuhesabu matabaka mbele yako anakuomba umwamini mara mbili. Halafu milioni 16 sikuwa nazo, niseme ukweli.

Tukaenda Pangani. Ni kilomita 50 hivi kutoka Tanga mjini. Fundi tuliyeelekezwa ana banda ukingoni mwa mto, na siku ile alikuwa na mashua moja iliyofika mataruma tu, yaani mbavu, imekaa kama mifupa ya samaki mkubwa aliyeliwa akabaki. Mzee, shati limefunguliwa vifungo, hana haraka. Mpwa wangu akaeleza anachotaka: mita 8, tezi, yaani nyuma ya chombo, iliyokatwa kwa ajili ya mashine ya HP 15, nafasi ya barafu katikati. Fundi akatazama maji kidogo, akasema milioni 9 na nusu.

Nikasema saba.

Niliitoa hiyo saba kama ninavyoitoa sokoni, bila hesabu, kumpima tu. Nilitegemea aape, ashike kichwa, aseme mama unaniua, kisha ashuke. Hakufanya hata kimoja. Alisema: "Inawezekana, Mama. Niambie nipunguze wapi."

Nikanyamaza. Katika miaka yangu yote ya zabuni hakuna mzabuni aliyewahi kunijibu hivyo.

Nikatoa daftari. Tukakaa juu ya gogo tukaivunja ile bei vipande vipande. Mbao milioni 4 na laki 2: mkuku, yaani uti wa chini, na fashini, nguzo za mbele na nyuma, za mvule, mbao za ubavuni za mtiki, mataruma ya mfenesi, ambayo huchaguliwa matawi yaliyopinda yenyewe. Misumari ya zinki na boliti, laki 7 na nusu. Pamba, mafuta ya nazi, sifa (mafuta ya papa) na rangi, laki 6 na nusu. Usafiri wa mbao, laki 5. Ujira wake na vijana watatu, milioni 3 na laki 4. Nikajumlisha, ikaja 9 na nusu kamili. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, tabia ya kazi.

Kisha akanieleza kila punguzo lina sura gani. Ukitaka laki 3 zitoke, misumari inakuwa ya kawaida, na ya kawaida ikila chumvi miaka miwili unaanza kuona machozi ya kutu kwenye ubao. Ukitaka nyingine, mbao za juu zinakuwa za mwembe. Mwembe si mbaya kwa mtumbwi, lakini ubavuni mwa mashua ya mashine utarudi kwake mapema. Ukitaka saba yako kamili, alisema, nitakuundia chombo kizuri cha kupigia picha.

Nilichomoa jambo moja tu: mbao. Nilihisi pana cha juu. Nikamwambia mbao nitanunua mwenyewe. Akasema karibu. Nikaenda Muheza, ambako mitiki ya Longuza inapita kila siku, nikazunguka kwa wauzaji siku mbili, nikapata mzigo uleule, na hati zake zote za kusafirishia, kwa milioni 3 na nusu. Laki 7 nzima nimeiokoa! Nilirudi Pangani juu ya kenta nikijiona nimemkamata mtu.

Fundi alizipitia mbao moja moja kwa kiganja, kama anayepapasa mgongo wa ng'ombe. Nne akaziweka pembeni. Zina nyufa za ndani, zitapasuka zikipindwa. "Ningenunua mimi, hizi zingekuwa zangu," alisema. "Umenunua wewe, ni zako." Nne za badala yake zilinigharimu laki 2 na elfu 60. Kwa hiyo ile laki 7 niliyoiita cha juu, sehemu yake ilikuwa bima, na sikuijua mpaka nilipoilipa mwenyewe. Nimebaki na laki 4 na elfu 40 za ushindi, ukiacha nauli zangu na siku mbili za jua la Muheza ambazo sikuziandika kwenye daftari.

Kwenye ujira tulipatana laki 3 zishuke, kwa sharti kwamba kazi ianze mwezi wa sita, upepo wa kusi umekolea na yeye hana oda nyingi. Hilo nalo lilikuwa punguzo la haki: nilimpa kitu, akanipa kitu. Milioni 3 na laki 1. Mtu mwenye akili angeishia hapo, akatoa kishika uchumba na kuondoka. Mimi nikasema, "Iwe tatu kamili, Fundi, tufunge hesabu." Sababu? Tatu inapendeza kwenye safu. Fundi akakuna shavu. "Hiyo laki, Mama, ni ya chai ya vijana wakati wa kalafati." Kalafati ndiyo kazi ya kuziba mishono ya mbao kwa pamba. Nikacheka nikidhani ni maneno ya biashara. Akakubali.

Sasa mashine. Hapa nilijiandaa kwa vita na vita haikuwepo. Duka la kwanza mjini, Yamaha Enduro ya HP 15, bei imelaminishwa na kubandikwa kwenye kaunta: milioni 6 na laki 9. Bei haipungui. Duka la pili, bila bango lolote, mwenye duka aliniuliza kwanza naishi wapi, nanunua lini, nina fedha taslimu? Kisha akasema milioni 6 na laki 3, "ila bila risiti, Mama." Aliniambia hivyo mimi. Nilimtazama nikamwonea huruma, maana hakujua anaongea na nani. Tukiacha hata kodi, bila risiti huna dhamana. Ikikufia baharini wiki ya pili utampelekea nani, na utaanzaje kueleza?

Nikarudi duka la kwanza na kugundua kwamba bei isiyopungua ina tanbihi zake. Ile iliyobandikwa ni ya shafti fupi, inchi 15. Fundi alikuwa ameshapima ubao wa tezi, akaniandikia kwenye kiganja cha mpwa wangu kwa kalamu: inchi 20, yaani shafti ndefu. Ndefu inaongezeka laki 2 na nusu. Kisha nikauliza swali nililojifunza kwenye gogo la Pangani, si la bei bali la vilivyomo: kwenye katoni kuna nini? Tangi la mafuta lipo, mpira wake upo, vifaa vidogo vipo. Propela ya akiba haipo. Oili haipo, na oili inahitajika tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa mashine hizi huchanganyiwa: petroli lita 25 kwa oili lita 1 saa 10 za mwanzo, kisha 50 kwa 1.

Wakati nangoja, bwana mmoja wa hoteli alikuwa kwenye kaunta ileile akinunua mashine nne. Sikukusudia kusikiliza. Alipewa propela ya akiba kwa kila mashine na huduma ya kwanza bure. Bango lile lile, bei ile ile.

"Na mimi?" nikauliza zamu yangu ilipofika.

"Mama, wewe unachukua moja."

Kwa hiyo bei moja kwa wote ilikuwa moja kwenye karatasi tu. Nikamwambia sitaki apunguze hata shilingi, bango lake liheshimiwe, ila nitasimama hapa nikitafakari. Ni duka dogo na mimi si mwembamba. Nilitoka na oili lita 4, plagi mbili na kofia ya kampuni, ambayo mpwa wangu anaivaa mpaka leo. Propela nilinunua.

Nikilinganisha sasa, sijutii kuilipa mashine bei ya bangoni. Mashine ya katoni hii na ya katoni ile zimetoka kwenye mstari mmoja wa kiwanda. Ninachoweza kugombania ni vitu vya pembeni na risiti. Mashua haina pacha wake. Bei ya Fundi isingejadiliwa nisingejua kuna taruma la mfenesi na la mti mwingine, wala misumari ya aina mbili, wala ubao unaoweza kupasuka mikononi mwa aliyeununua. Mashua ilinigharimu milioni 8 na laki 6 na elfu 60, na naweza kukuambia kila elfu ilikokaa. Mashine ninajua tu jumla.

Tuliishusha majini kwenye bamvua, yaani maji makubwa, ya mwezi mwandamo, mwezi wa tisa. Ubani ulichomwa, dua ikasomwa, wali wa nazi ukaliwa kwenye majani ya migomba, na watu ishirini na kitu wakaisukuma kwa wimbo ambao mimi sikujua maneno yake nikawa naitikia tu. Ilipogusa maji mpwa wangu alilia, akasingizia moshi.

Jioni ile ile ikaanza kuingiza maji. Si kidogo. Nikampigia Fundi nikiwa nimeshika daftari. "Mbao mpya zina kiu, Mama," akasema. "Ziache zinywe. Zikivimba zitajifunga." Siku tatu vijana walipokezana upo, chombo cha kuchotea maji, kuifua ngama, yaani maji yaliyoingia ndani. Siku ya nne maji yakakata kama alivyosema, na Alhamisi iliyofuata mashua ikaenda kazini, ikarudi na jodari wawili na kapu la vibua, nami nikapata mgao wangu wa kwanza wa tajiri wa chombo.

Umebaki mshono mmoja, nyuma kabisa, karibu na ubao wa mashine. Unatoa jasho, bakuli moja kwa siku. Fundi amepita mara mbili kuugonga na pamba mpya, akasema utatulia. Sijamuuliza kama mshono ule ndio uliopigwa jioni, vijana hawajanywa chai, na yeye hajasema.

Mpwa wangu ndiye anayesema. Kila wakirudi pwani ananipigia simu: samaki kilo ngapi, mafuta lita ngapi, bei ya mnada ilikuwaje. Kisha, kabla hajakata: "Na laki yako nimeichota, Shangazi."