Filamu tano kwenye shuka ya mama

Mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, akitaka kuona filamu mpya kwenye skrini kubwa, safari ni ya Mombasa: boti hadi Mokowe, kisha basi kutwa. Magoti ya mama hayawezi tena safari hiyo, nami sikutaka kwenda kuburudika peke yangu nimwache nyumbani. Nikanunua projekta ndogo iliyokwisha kutumika, nikatundika shuka nyeupe kiwandani, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe. Usiku wa kwanza kusi iliipepea shuka mpaka nyuso za watu zikapinda. Usiku wa pili nilipitisha ufito kwenye pindo la chini na kuufunga kwa kamba pande zote mbili, projekta nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na picha ikatulia. Tukawa tunaanza baada ya sala ya Isha.

Kazi kubwa ilikuwa lugha. Mama hajui Kiingereza. Ami, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi maisha yake yote, anakijua kidogo tu. Ikabidi niwe mkalimani wao, na kwa kutafsiri nikajifunza kuzipima filamu kwa namna ambayo sikuwahi kuijua: ipi inasimama mkalimani akinyamaza?

Tulianza na Oppenheimer ya Christopher Nolan, ya mwaka 2023, iliyopata Oscar 7; ni kisa cha mwanasayansi wa Marekani aliyeongoza kazi ya kuunda bomu la atomiki, kisha akahojiwa na serikali yake. Ni saa 3, na karibu zote ni watu kuzungumza. Kufikia yale mahojiano ya mwaka 1954 sauti ilikuwa imenikauka na mama amekwisha kupotea, hajui nani anamshitaki nani. Lakini bomu la majaribio lilipolipuka, mwanga ukatangulia na kishindo kikachelewa, hakuna aliyeniuliza neno. Mama alishika kifua. Filamu ilipokwisha aliuliza, "Na hao watu wa Japani waliopigwa, wako wapi?" Hawamo. Nolan amekaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na naelewa kwa nini amefanya hivyo, ila swali la mama naliona zito kuliko zile Oscar zote.

Baada ya usiku huo nilibadili mtindo. Kabla ya kuwasha projekta nawasimulia kisa kwa dakika kumi, huku tunakunywa kahawa: nani ni nani, wanagombea nini. Mwisho siutaji. Filamu ikianza nanyamaza, nasema tu pale ambapo asiyeelewa neno ataachwa nyuma. Imetufaa sana.

Dune: Part Two ya Denis Villeneuve, ya mwaka 2024, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Majangwa yale ya Jordan na Abu Dhabi yaliijaza shuka yetu hata ukuta ukasahaulika. Hapo mama ndiye aliyenitafsiria mimi. Watu wa jangwani wanamngojea Mahdi, na wanamwita Lisan al-Gaib. Mama, aliyekaa chuoni, yaani madrasa, tangu utoto, akageuka: "Lisani ni ulimi, na ghaibu ni ghaibu yetu hiyo hiyo. Wameyatwaa wapi maneno haya?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Wameyachukua maneno ya imani ya watu, tena mengi, kisha kiongozi wa hao watu wa jangwani ameigizwa na Javier Bardem, Mhispania. Anaigiza vizuri mno. Hata hivyo mama aliondoka amenuna, nami niko upande wake.

Black Panther: Wakanda Forever, ya mwaka 2022, sitaikalia sana. Mwanzo wake ni msiba wa kweli, maana Chadwick Boseman, nyota wa filamu ya kwanza, alikuwa amefariki mwaka 2020, na ule msafara wa watu waliovaa nyeupe ulimliza mama. Lupita Nyong'o kila akitokea filamu inapata uhai. Katikati ni kelele na mapigano.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, niliingoja kwa hamu, kwa kuwa ni Kiswahili chetu cha pwani na kisa ni cha Unguja wakati wa mkoloni. Usiku huo nilikaa kama mtazamaji. Mama alifurahia taarabu, mabuibui na vichochoro, akawa anayarudia maneno kabla hayajakwisha. Lakini kitabu cha Shafi Adam Shafi kina watu wengi na harakati nyingi, na dakika 92 hazikutosha. Picha zinapendeza kiasi kwamba kamera inazikawilia, na siasa inabaki nyembamba. Ningependa iwe ndefu zaidi, nami si mtu wa kuomba urefu.

Tukamalizia na Io Capitano ya Matteo Garrone, ya mwaka 2023. Vijana wawili, Seydou na Moussa, wanatoka Dakar kwenda Italia, wanapita jangwani, wanateswa Libya. Wanazungumza Kiwolofu. Nilisimulia kabla, kisha sikufungua mdomo. Seydou Sarr, anayemwigiza huyo Seydou, uso wake unasema kila kitu.

Seydou, kijana wa miaka 16 asiyewahi kuendesha chombo, alipokabidhiwa usukani wa boti ya kuvuka bahari, Ami alisogeza kiti mbele. Watu walikuwa wamebanana hadi chini kwenye injini. "Chombo kimezidiwa," akasema. "Angalia kilivyokaa." Tangu hapo mkono wake wa kulia ulikuwa ukisogea taratibu juu ya goti, kana kwamba ndiye aliyeshika usukani. Bara ilipoonekana na kijana akapaza sauti kwamba yeye ndiye nahodha, filamu ikaishia pale pale, juu ya uso wake.

"Sasa watamfanya nini?" Ami akauliza.

Nikamwambia kweli, kwamba Italia vijana walioshika usukani namna hiyo wamewahi kufungwa jela. Alikaa kimya muda. Naipenda filamu hii kuliko zote tano, lakini hapo ndipo Garrone aliponiudhi, kwa sababu jambo hilo lilistahili kuwamo. Ami aliniomba nirudishe sehemu ya baharini, na tukaitazama tena yote, yeye amesimama.