Kilembe: mto unaoshuka na mgodi

Marehemu baba alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, na jina la Kilembe, mgodi wa shaba wa magharibi mwa Uganda, nililisikia kinywani mwake kabla sijaliona kwenye ramani. Alikuwa akisema shaba ya Kilembe inadanganya macho: unaona kipande kidogo, ukikinyanyua kiuno kinalia. Mwaka huu nimekwenda kupaona ilikotoka.

Nilipanda basi la alfajiri Kampala, likapitia Fort Portal, na mchana nikashuka Kasese juani. Kabla ya kutafuta usafiri wa kupanda mlimani nilitaka kuiona reli. Ilifika hapa mwaka 1956, na shaba ndiyo iliyoileta. Makinikia, yaani unga wa mawe uliochujwa ukabaki na shaba nyingi, yalisombwa hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha shaba ikateremka Mombasa na kuangukia mikononi mwa baba na wenzake. Leo treni haipiti. Nilisimama palepale kwa muda, nikimkumbuka.

Bodaboda ilinipandisha kilomita kama 10 kwa kuufuata mto Nyamwamba. Bonde linazidi kubana, Ruwenzori inakuinamia pande zote mbili, na mtoni yamejazana mawe makubwa ajabu. Kisha zikaanza kuonekana nyumba za safu za wafanyakazi na vyuma vya mgodi vilivyoliwa na kutu.

Mzee mmoja aliyefanya kazi shimoni alikubali kunitembeza. Kiswahili chake kilinishangaza.

“Tulikuwa makabila mengi, mwanangu,” akaniambia. “Baruti ikitegwa, unaonywa kwa Kiswahili. Usipokielewa, umekwisha.”

Katika miaka ya 1960 shaba hii ilitanguliwa na kahawa na pamba tu katika bidhaa ambazo Uganda iliuza nje. Baadaye bei ikaporomoka, wataalamu wakaondoka wakati wa Idi Amin, vipuri vikawa adimu, na kufikia 1982 uchimbaji ukasimama. Wala shaba haikwisha: inakadiriwa tani zipatazo milioni 4 za mawe yenye madini bado zimo mlimani. Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Kichina. 2017 mkataba ukavunjwa.

Lakini lililoniuma zaidi ni marudio, kama wanavyoyaita wachimbaji wadogo wa Tanzania, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kukamuliwa. Mawe ya Kilembe yalikuwa na shaba isiyofika asilimia 2. Maana yake katika kila tani 100 zilizosagwa, tani 98 na ushee hazikuwa shaba; sehemu kubwa yake ilitupwa, na katika bonde jembamba hivi, pa kutupa palikuwa kandokando ya mto. Ndani yake mna salfa, inayogeuka tindikali ikikutana na hewa na maji. Kule chini Kasese lilibaki rundo kubwa ambalo maji yake yaliunguza nyasi hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kilianza kiwanda kilichotumia bakteria kulila rundo hilo na kutoa madini ya kobalti, hadi likamalizika. Kazi ile naiheshimu sana. Huku juu bondeni, hata hivyo, mengine yangali yamelala, na mto unayamega kila ukifura. Watafiti wamepima udongo wa mashamba ya bonde hili, wakakuta shaba na kobalti kupita kiasi.

Na mto umefura kweli: 2013, 2014, tena 2020, ulipoivamia hospitali iliyojengwa enzi za mgodi. Mzee alinionyesha alama ya maji ukutani, juu ya kiuno changu. Mita chache kutoka hapo mke wake alikuwa akipalilia maharage, kwenye udongo wa kijivu ulioachwa na mafuriko.

“Mnayala haya?” nikauliza.

“Tutalima wapi kwingine?”

Sikuwa na jibu. Waliovuna shaba waliondoka nayo kwa reli. Huyu mama kaachiwa marudio.

Jua lilipokuwa linazama niliokota jiwe lenye madoa ya kijani, nikamwambia mzee nataka kulipeleka Mombasa, nikaliweke kaburini kwa baba. Aliligeuzageuza kiganjani, akanirudishia. Akaniomba nisilitie mfukoni kabla sijaliosha, na nilioshe kwa maji ya bomba, si ya mto.