Deni la Mwisho
Jana jioni nilimlipa mama muuza mchele wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, dola 15 za mwisho, naye akalifuta jina langu katika daftari lake lenye madoa ya mawese. Kwa miezi 14 nimetembea kwa miguu kila asubuhi hadi mtaa wa Nguba, nikiziacha pikipiki zinipite, na nyumbani tumekula bugali kwa sombe, yaani majani ya muhogo, huku sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, zikingoja Jumapili. Kilichonielemea zaidi ni aibu ya kupita njia ya nyuma ili nisionane naye. Likelemba ya kazini, mchango ambao kila mmoja hupokea kwa zamu, ndiyo iliyoniokoa: zamu yangu ilipofika, fedha zote zilimfikia kabla hazijalala kwangu hata usiku mmoja. Viatu, kwa kweli, viliisha kabla ya deni.