Siku nne sikioni: kupe na ndigana kali huku Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji akigeuza sikio la ng'ombe na kukuta kupe wa kijivu aliyevimba kama harage, hushtuka na kumng'oa. Kupe bapa, mwekundu wa kahawia, mdogo kama punje ya ufuta, aliyejibanza ndani kabisa kwenye nywele za sikio, mara nyingi haonekani au anaachwa kwa sababu "bado mdogo". Kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe hawa, mpangilio wa hofu unapaswa kugeuzwa. Yule mnene ameshamaliza kazi yake, na kama alikuwa na ugonjwa, ameshaumwaga ndani ya ng'ombe siku kadhaa zilizopita. Yule mdogo ndiye ambaye bado unaweza kumwahi.

Jina la kitaalamu la kupe huyu, mnene au mdogo, ni Rhipicephalus appendiculatus, kupe wa kahawia wa masikio. Anapenda majani, unyevu na hali isiyo ya joto kali, ndiyo maana Rungwe, Busokelo, Mufindi na sehemu kubwa ya Njombe panamfaa, na hapo hapo ndipo tulipoweka ng'ombe wa maziwa wenye damu ya kigeni, wasio na kinga ya asili dhidi ya ugonjwa wake. Ng'ombe wa asili aliyezaliwa kwenye eneo lenye kupe hawa huugua pia, lakini wengi wao hupona. Mtamba wa Friesian asiyechanjwa na asiyetibiwa mapema, mara nyingi hafiki wiki ya nne.

Maisha ya kupe huyu yana ngazi tatu, na kila ngazi hula kwa mnyama mwingine. Jike aliyeshiba huanguka chini, hujificha kwenye mizizi ya majani, hutaga mayai 3,000 hadi 5,000 kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Mayai huangua lava wa miguu sita, wadogo kama vumbi. Lava hupanda ncha za majani, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri chochote chenye damu kipite: ng'ombe, mbuzi, hata sungura. Akipata, hunyonya kwa siku chache, huanguka, hujivua gamba na kuwa tunutu wa miguu minane. Tunutu naye hupanda mnyama mwingine, hunyonya, huanguka, hujivua na kuwa kupe mzima. Kupe mzima hupanda mnyama wa tatu.

Lava anayetoka kwenye yai ni msafi. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, hakipiti kutoka kwa mama kwenda kwenye yai. Lava akinyonya ng'ombe mwenye kimelea, atakitoa akiwa tunutu. Tunutu akikiokota, atakitoa akiwa mzima. Na akishakitoa, hakibaki naye kwenda ngazi inayofuata. Tunutu mwenye ugonjwa akimpanda mbuzi, ugonjwa umeishia hapo, maana mbuzi haambukizwi na kupe atatoka msafi. Lakini usijenge mipango yako juu ya bahati hiyo. Wala usidhani kuacha malisho bila ng'ombe miezi mitatu kutamuua kupe kwa njaa: kupe mzima anaweza kusubiri kwenye majani zaidi ya mwaka mmoja bila kula.

Kwenye maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama yetu, kupe wazima hujitokeza kwa wingi mvua zinapoanza na kuendelea hadi Machi au Aprili. Lava hufuata mwishoni mwa mvua, tunutu huonekana zaidi kiangazi. Wazima ndio hubeba kiasi kikubwa zaidi cha vimelea. Kwa hiyo anayelegeza uogeshaji Desemba kwa sababu ana kazi za shamba analegeza kwenye miezi mibaya kuliko yote. Na anayeacha kabisa Julai anawapa tunutu nafasi ya kuokota vimelea watakavyovitoa mvua zitakaporudi.

Sasa zile siku nne. Kupe mwenye kimelea anapopanda ng'ombe hawi tayari kuambukiza. Kimelea kimelala kwenye tezi zake za mate. Joto la mwili wa ng'ombe na kitendo cha kunyonya ndivyo vinavyokiamsha, na kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 5 tangu kupe ajishike ndipo kimelea kigawanyike kuwa maelfu kwa maelfu ya vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye chembe za ng'ombe. Kupe akiondolewa au akifa ndani ya siku mbili za kwanza, karibu kila mara hajaacha kitu. Ndiyo sababu mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa huu ulipowaangamiza ng'ombe wa Afrika Kusini, walifikia kuwaogesha kila baada ya siku 3.

Kuogesha kila siku 3 leo ni ghali, na kunaharakisha usugu wa kupe. Utaratibu ninaousimamia ni huu: dawa mara moja kwa wiki, na katikati ya wiki ukaguzi wa mikono. Ingiza vidole ndani ya sikio lote, kisha shina la pembe, chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja, kwenye kiwele na mapajani. Vaa glavu, maana kupe akipasuka, majimaji yake yakiingia kwenye kidonda yanaweza kumletea binadamu magonjwa. Usimtupe chini. Jike aliyeshiba ukimtupa bandani umepanda mayai 3,000. Mweke kwenye kopo lenye dawa iliyochanganywa, au mchome moto.

Kuhusu dawa yenyewe, makosa mengi yako kwenye vipimo. Chukua amitrazi ya asilimia 12.5, inayopatikana maduka mengi ya mifugo. Kipimo chake ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Bomba la mgongoni la lita 16 linataka mililita 32, la lita 20 linataka mililita 40. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wala si kwa kifuniko cha chupa, kwa sababu vifuniko havilingani. Dawa nyingine zina vipimo vyake, soma kibandiko. Weka maji nusu ya bomba kwanza, kisha dawa, koroga, ongeza maji mpaka kipimo. Ng'ombe mzima anahitaji si chini ya lita 4 ili alowe hadi kwenye ngozi. Anayeogesha ng'ombe watano kwa bomba moja la lita 16 amelowesha manyoya tu, na kupe waliopata dawa kidogo bila kufa ndio wazazi wa kizazi sugu.

Mpeleke ng'ombe kivulini, awe amekunywa maji, awe mkavu, na kazi ianze baada ya kukamua. Anza kichwani. Sikio halitoshelezwi na mvuke wa bomba: chovya kitambaa kwenye dawa iliyochanganywa, pangusa ndani ya sikio mpaka kwenye mikunjo, bila kumimina shimoni. Endelea na shingo, kwapa, tumbo, kiwele, mapaja, chini ya mkia na nywele za mwisho wa mkia, miguu hadi kati ya kwato. Mgongo uwe wa mwisho. Nyunyiza kinyume na mlalo wa manyoya. Watu wengi huanza na mgongo kwa sababu ndio ulio mbele ya macho, na dawa inaisha kabla ya kufika anakokaa kupe. Mvua ikinyesha muda mfupi baadaye, kazi imepotea. Kwa mawingu ya Tukuyu, chagua saa za asubuhi anga likiwa wazi. Osha kiwele vizuri kabla ya kukamua tena.

Neno moja kuhusu kubadilisha dawa, maana hapa wafugaji wanaumizwa bila kujua. Kubadilisha jina la chupa si kubadilisha dawa. Chupa tatu zenye majina matatu zinaweza kuwa na kiambato kilekile. Tafuta maandishi madogo: amitrazi ni kundi moja; saipamethrini, alfasaipamethrini na deltamethrini ni kundi jingine moja, zote pamoja; klofenvinfosi ni kundi la tatu. Ukiona kupe walio hai siku mbili baada ya uogeshaji uliofanywa sawasawa, hamia kundi jingine. Zile za kundi la saipamethrini huua samaki na nyuki, kwa hiyo mabaki yasimwagwe karibu na kijito wala mizinga.

Wanaofungia ng'ombe bandani hudhani wamepona. Kupe huja na majani. Mabingobingo yaliyokatwa shambani mwako, mahali ambapo ng'ombe wa jirani hawapiti, hayana hatari kubwa. Majani ya kandokando ya barabara na mitoni, wanakopita ng'ombe wa kila mtu, ndiyo yanayoleta kupe ncha zikiwa bado mbichi. Kama huna njia nyingine, kagua masikio mara mbili kwa wiki badala ya mara moja.

Ikitokea kupe amezimaliza siku zake, kimelea huingia kwenye chembe nyeupe za damu za ng'ombe, zile za ulinzi, na hapo kinafanya jambo la kutisha. Hakiiui chembe. Kinailazimisha igawanyike bila kikomo, kama saratani, na chembe inapogawanyika, nacho hugawanyika pamoja nayo, nusu huku, nusu kule. Askari wa mwili wanageuzwa kuwa kiwanda cha adui. Ndiyo maana dalili ya kwanza inayoshikika ni tezi lililovimba chini ya sikio, karibu na kupe alikonyonya, kisha matezi ya mbele ya bega. Homa huja siku ya 8 hadi 12 kwa kawaida tangu kupe ajishike, nyuzi 40 hadi 42. Ng'ombe mwenye afya huwa na nyuzi 38 na nusu hivi. Kipimajoto ni kifaa cha lazima kwa yeyote mwenye ng'ombe wa maziwa. Mara nyingi maziwa hupungua kabla mfugaji hajaona kitu kingine. Baadaye huja kupumua kwa shida na povu puani, kwa sababu mapafu yamejaa maji.

Daktari wa mifugo akija, mwombe achukue sampuli ya tezi lililovimba, si damu ya sikio peke yake. Siku za mwanzo kimelea kiko kwenye matezi, na damu inaweza kuonekana safi kabisa. Damu imepotosha hata wakubwa: Robert Koch, mtafiti maarufu wa vijidudu kutoka Ujerumani, akiwa Dar es Salaam kati ya 1897 na 1898, aliviona vimelea vidogo kwenye damu za ng'ombe akadhani ni umbo changa la kimelea cha ugonjwa wa kukojoa damu. Ilichukua miaka kadhaa mpaka kazi ya watafiti Theiler na Lounsbury huko Afrika Kusini ilipotenganisha magonjwa hayo mawili na kumtaja kupe wa kahawia. Sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya dawa.

Tiba ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Ikiwa na nguvu ya miligramu 50 kwa mililita, hiyo ni mililita 1 kwa kilo 20, kwenye msuli wa shingo. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20, zigawanywe sehemu mbili. Hapa bei huwaponza watu: wanachoma mililita 10 kwa kuwa ndizo zilizopatikana, ng'ombe anapata nafuu siku mbili, homa inarudi. Daktari anaweza kurudia dozi baada ya saa 48 hadi 72. Povu likishaanza puani, dawa itaua vimelea lakini mapafu yanaweza kumshinda ng'ombe hata hivyo.

Oksitetrasaiklini, ambayo wengi wanayo nyumbani, haitibu ndigana kali iliyokwisha kushika. Inatibu ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, na ndipo kuchanganya majina kunapoua ng'ombe. Inafaa kwenye ndigana kali mahali pamoja tu, nako ni kwenye chanjo. Chanjo hii ni vimelea hai, huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na mnyama huchomwa vimelea na oksitetrasaiklini wakati uleule. Dawa hukipunguza kasi kimelea siku zile za kwanza, mwili ukapata muda wa kujifunza kukitambua. Kwa oksitetrasaiklini ya asilimia 30, kipimo ni mililita 1 kwa kilo 10, na uzito upimwe kwa utepe. Ukikisia ndama wa kilo 90 kuwa wa 60, dawa inapungua na umempa ugonjwa badala ya kinga. Mrija mmoja wa chanjo una makumi ya dozi na ukishayeyushwa hautunziki, kwa hiyo wafugaji hujikusanya mtaa mzima siku moja. Asichanjwe mnyama mgonjwa. Aliyechanjwa bado ataogeshwa, maana chanjo haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, kukojoa damu wala moyo maji. Na walio karibu na Hifadhi ya Ruaha wajue kwamba kimelea kitokacho kwa nyati kinaweza kuipenya kinga hiyo.

Mtamba mpya uliyemnunua, hata akionekana amenawiri, aogeshwe na masikio yapanguswe kabla hajaingia bandani, akae peke yake, na joto lipimwe kila asubuhi. Homa inaweza kuchelewa hadi siku ya 25, kwa hiyo hesabu usiikatishe siku ya 14 kwa sababu anakula vizuri. Siku hiyo ya 25 ikipita bila homa wala tezi, mchanganye na wenzake.