Saa Moja Bila Kiingereza wala Kiswahili

Niliingia chuo cha wamisionari nikiwa na hamu ya kuhubiri, lakini muhula wangu wa kwanza ukamezwa na fonetiki. Tulikaa na vioo vidogo mkononi tukichungulia ndimi zetu wenyewe: sauti ipi inazaliwa midomoni, ipi kwenye kaakaa, ipi kooni, na kila moja inaandikwaje kwa alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa. Mwenzangu mmoja, mhubiri wa mikutano ya hadhara tangu ujana wake, alinung'unika kila siku: watu wanaangamia huko nje na sisi tumekaa tunahesabu irabu! Mimi sikusema kitu, ila moyoni nilikuwa upande wake.

Ndipo ikafika alasiri ya somo ambalo waliotutangulia walikuwa wakilisimulia kwa kicheko bila kutuambia kuna nini ndani yake.

Mwalimu alitueleza masharti kabla ya kuanza. Angeingia mgeni ambaye lugha yake hata yeye mwalimu haijui, wala hakuambiwa ni ipi. Kwa muda wa saa moja angejifunza lugha hiyo mbele yetu, na wawili hao wasitumie lugha yoyote wanayoielewa wote. Zoezi lenyewe lilipata sifa kwa Kenneth Pike, mwanaisimu wa Kimarekani aliyekwenda Meksiko mwaka 1935 kujifunza Kimixteki, kisha akawa analifanya mbele ya hadhara kwa miaka mingi. Pike alimsemesha mgeni wake kwa Kimixteki ili Kiingereza kisimponyoke. Mwalimu wetu yeye angetumia lugha ya mama yake.

Mezani palikuwa na majani ya miti, vijiti na mawe. Akaingia mama wa makamo, mcheshi wa uso. Mwalimu akainua jani, akasema neno moja la kwao, akanyamaza akimtazama.

"Ewé," mama akajibu.

Likaandikwa ubaoni, na juu ya silabi ya mwisho ikawekwa alama ya sauti kupanda. Kijiti kikawa igi. Jiwe, òkúta. Mwalimu akainua mawe mawili, na hapo sote tulioshikwa na lugha za ngeli tukatega masikio tukisubiri mwanzo wa neno ubadilike. Haukubadilika. Òkúta méjì. Majani mawili nayo, ewé méjì. Mwalimu akapiga mstari chini ya maneno hayo akaendelea, kana kwamba kuishi bila ngeli ni jambo la kawaida tu.

Alipookota jani jekundu mama akasema "ewé pupa", darasa likaangua kicheko, maana pupa kwetu ni kitu kingine kabisa. Mwalimu hakucheka. Alisogea karibu, akamwomba kwa ishara arudie, akakazia macho midomo yake, kisha akaandika kp, mara mbili katika neno lile moja. Mimi nilikuwa nimesikia p na basi. Mama aliporudia mara ya tatu ndipo nikapata kidogo: midomo na sehemu ya nyuma ya ulimi vinafunga pamoja na kuachia pamoja. Nikakumbuka kioo changu kilichokuwa kwenye mkoba, nikaona haya kidogo kwa niaba ya manung'uniko yetu.

Lakini utamu wa saa ile ulikuwa kwenye vitenzi. Mwalimu alimkalisha kijana mmoja wa darasa, akamwashiria mama aseme kuhusu kijana huyo akituelekea sisi. "Ó jókòó." Akamwashiria amwambie kijana mwenyewe. "O jókòó." Nikaandika kitu kilekile mara mbili. Nimekua na Kiswahili peke yake, lugha ambayo hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kazi ikaisha. Kupanda na kushuka kwa sauti hakubadilishi neno letu. Yule mwenzangu mnung'unikaji, ambaye lugha ya kwao ina toni, aliinamia sikio langu akanong'ona: "Ya kwanza iko juu. Ya pili imetulia." Kweli bwana, kumbe neno "yeye" na neno "wewe" yanatenganishwa na kimo cha sauti tu! Tangu hapo sikumsikia tena akizungumzia irabu.

Kisha mwalimu akaketi yeye. Mama akamwambia, "Ẹ jókòó."

Mwalimu akakunja uso. Kwa nini kijana amepata o na yeye ẹ? Akawakalisha vijana wawili kwa pamoja, mama akawaambia wao pia "Ẹ jókòó." Basi ni wingi. Lakini mwalimu yuko mmoja. Alisimama pale akifikiri, chaki mkononi, sisi tukimtazama; mtu wa vitabu vingi amekwama kwenye irabu moja, na hana ruhusa ya kuuliza. Mwishowe akagusa mvi zake akainua nyusi. Mama akacheka mpaka akapiga makofi, akatikisa kichwa kukubali. Mkubwa husemeshwa kwa wingi. Katika mafunzo yangu yote sijaona somo la heshima lililofundishwa vizuri kuliko pale, na halikuwemo kwenye ratiba.

Dakika chache za mwisho tukapewa sisi. Mwenzangu akawa wa kwanza kunyanyuka. Alitaka neno moja tu, neno kubwa kuliko yote. Akainua mikono miwili juu, uso umejaa unyenyekevu.

Mama akatazama juu. "Òrùlé," akasema, na mwalimu, ambaye uso wake ulishaonyesha kuwa ameelewa, akaandika ubaoni: paa.

Tulicheka sana. Yeye hakukata tamaa. Akafumba macho, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa. Mama naye akafumba macho, akangoja kidogo, akasema, "Àmín."

Muda ulipoisha wakarudi kwenye Kiingereza. Lugha ni Kiyoruba, na mama alitoka Nigeria. Mwenzangu akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama kwao Biblia imeshafika. Imefika nzima tangu 1884, mama akasema, na aliyeongoza kazi ya kuitafsiri alikuwa Myoruba, Samuel Ajayi Crowther. Alitekwa utumwani akiwa kijana mdogo mwaka 1821. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Uingereza likaikamata meli iliyombeba, akashushwa Freetown, Sierra Leone. Huko akasoma, akawa mchungaji, na mwaka 1864 askofu. Mwalimu akadakia kwamba mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa na kuanza kujifunza Kiswahili, Crowther alikuwa tayari akiongoza ibada kwa Kiyoruba kule Freetown. Krapf nilifundishwa tangu shule ya Jumapili. Huyu wa pili nilimsikia siku ile kwa mara ya kwanza, na mpaka leo sijaelewa kwa nini.

Mwenzangu alipokwenda mbele safari hii hakuwa na swali la Biblia. "Mama, nifundishe salamu."

"Chini kwanza," mama akamjibu. "Kwetu mwanamume humsalimia mkubwa akiwa amelala kifudifudi."

Mwenzangu akatutazama sisi, akatazama sakafu, akatazama shati lake jeupe lililonyooshwa. Kisha akalala.

"Ẹ káàsán, mà," mama akamtangulizia.

Akajaribu.

"Vuta ile ya kati. Rudia."

Akarudia akiwa palepale chini, na nyuma yake wanaume wengine tukaanza kupanga foleni.