Sindano hamsini zisizoingia: nilivyojiandaa kwenda kujitolea kituo cha yatima

"Beba pipi nyingi." Shangazi kasema hivyo, jirani kasema hivyo, hata kijana anayeniletea vitambaa kasema hivyo. Kana kwamba mtu mzima anapanda ndege mbili na basi la siku nzima ili akaozeshe meno ya watoto wa watu. Sikubeba pipi hata moja, na hilo najivunia. Ila nisijisifu mapema, maana niliyoyakosea kabla ya kuondoka yangetosha kumfanya mwingine avunje safari.

Mimi ni fundi cherehani, miaka ishirini na ushee sasa. Wazo lilinijia nilipomaliza tenda ya sare za shule nikabakiwa na mabunda ya vitambaa. Nikaingia mtandaoni, nikaandikia kituo kimoja cha yatima katika nchi ya joto, mbali na kwetu. Jibu likaja ndani ya dakika kumi. Hawakuuliza mimi ni nani, najua kazi gani, wala kama nimewahi kufungwa. Waliuliza nitafika lini na mchango wangu nitautuma kwa njia gani. Chini yake wakaambatanisha picha za vichanga, na maelezo kwamba nitawabeba, nitawalisha, nitawalaza. Nami nikafurahi! Mbio hadi kwa mpwa wangu, afisa ustawi wa jamii, nikitegemea pongezi.

Alisoma yote, akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Mjomba, mtu usiyemjua akiandika leo kwamba anataka kuja kulaza watoto wa mtaa wako, utamfungulia mlango?"

Nikanyamaza. Akanieleza mambo ambayo sijui kwa nini hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwamba watoto wengi wanaoishi kwenye vituo vya aina hiyo duniani si yatima kamili, mzazi mmoja au wote wawili wapo hai, umaskini au ahadi ya shule ndiyo iliyowafikisha pale. Kwamba kuna wenye vituo wanaokusanya watoto kwa sababu wageni huja na pesa, na kwamba Australia ilipokuwa ikitunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, biashara hiyo ilijadiliwa waziwazi. Kwamba Umoja wa Mataifa ulishatoa miongozo mwaka 2009 inayosema mtoto alelewe kwenye familia kwanza, kituo kiwe njia ya mwisho. Lakini kilichonichoma ni hiki: "Kichanga kitakuzoea wiki mbili, halafu utaondoka. Atakuja mwingine, atazoeleka, ataondoka. Unadhani mtoto anajifunza nini?"

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nenda, mjomba. Ila nenda kama fundi, usiende kama yaya."

Kituo cha pili nilichokiandikia kilichukua karibu wiki tatu kujibu. Walitaka wadhamini wawili wanaonifahamu kikazi, cheti cha polisi cha tabia njema, na sahihi yangu kwenye masharti: sitakaa peke yangu na mtoto, sitampa mtoto zawadi kwa siri, sitapiga picha ya sura ya mtoto yeyote. Wakaeleza kwamba kazi yao siku hizi ni kuwarudisha watoto kwa ndugu zao hatua kwa hatua, na kwamba wamepewa cherehani nne, mbili zimekufa. Walitaka mtu wa kuzifufua na kuwafundisha walezi pamoja na akina mama wa watoto hao kushona, ili nyumbani pawe na kipato. Watoto ningewaona wakati wa chakula, mbele ya watu. Sitaficha, roho iliniuma kidogo. Nilishajiona kwenye picha na mtoto mgongoni. Usiku huo nikalala nimenuna, asubuhi nikajaza fomu.

Cheti cha polisi kiombeni mapema, hasa nyinyi mnaofanya kazi ya mikono. Mashine ya alama za vidole ilinikataa mara tatu. Vidole vyangu vimesuguliwa na chaki, pasi na sindano mpaka mistari imefutika. Yule askari akanitazama kama mtu aliyefuta alama makusudi. Nikaambiwa nirudi baada ya siku kadhaa nikiwa nimepaka mafuta mikononi. Nikapaka mafuta ya mgando kila usiku, nikavaa soksi mikononi, nikalala hivyo kama bondia. Mara ya nne ikakubali.

Sasa chanjo. Hapa nilijiona mjanja nikaumbuka. Nilijiambia sindano ni sindano, nitakwenda wiki ya safari ili kinga iwe bado mbichi. Nikafika kliniki zikiwa zimebaki siku nane. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani puani, akaomba tiketi, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda, akarudia kuhesabu.

"Mwanangu, nchi unayokwenda wanadai cheti cha homa ya manjano?"

"Wanadai, mama."

"Cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Wewe unasafiri siku ya nane. Utafika mpakani na karatasi ambayo haijakomaa."

Kusogeza tiketi kulinila karibu nusu ya bei ya tiketi yenyewe, na yule wa ofisi ya ndege hakuonyesha huruma hata ya kuigiza. Faraja ni kwamba cheti hicho, tangu mwaka 2016, ni cha maisha, hivyo kosa hilo sitalirudia hata nikitaka. Mama yule alinichoma pia ya homa ya ini A, ya taifodi na ya pepopunda. Ya homa ya ini B akasema mzunguko wake wa kawaida ni wa miezi, ningemwendea mapema angenipangia vizuri. Kichaa cha mbwa nacho kina dozi zaidi ya moja. Kwa hiyo ukitaka kuchekwa na wauguzi nenda siku nane kabla, ukitaka amani nenda wiki sita hadi nane kabla.

Kuhusu malaria nilipata ushauri wa kila rangi. Mmoja akasema usisumbuke na vidonge, malaria inatibika. Mwingine akaapa kwa kitunguu saumu: tafuna punje tatu kila jioni, mbu watakukimbia. Nilitafuna siku kumi na nne kwa majaribio. Mbu waliniuma kama kawaida, aliyenikimbia ni mke wangu, akahamia chumba cha watoto. Daktari alinieleza kwamba kuna aina kadhaa za vidonge vya kinga na kila moja ina ratiba yake. Ipo ya kumeza mara moja kwa wiki ambayo huanza wiki mbili au tatu kabla ya safari. Ipo doksisaiklini, ya kila siku, ambayo huweza kuifanya ngozi iungue upesi na jua. Mimi nilipewa ya kila siku inayoanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kutoka. Hizo saba za mwisho ndizo watu huziacha kwa kuona wameshafika nyumbani. Na msisahau kwamba mbu wa malaria anauma usiku, wa dengi anauma mchana. Chandarua peke yake hakitoshi, dawa ya kupaka iwe mfukoni kutwa.

Chandarua chenyewe, hapo mnaongea na fundi. Nilinunua cha bei poa nikakileta mezani, nikaweka futi yangu ya kitambaa, nikachukua pini na kuhesabu matundu kwenye inchi moja: tisa kwenda, tisa kushuka. Themanini na moja. Kiwango ambacho wasafiri huelekezwa ni angalau matundu 156 kwa inchi mraba, yaani 12 kwa 13. Kile changu mbu angepita amebeba na begi. Nikarudisha, nikapata kingine, nikahesabu dukani mbele ya muuzaji aliyedhani nimechanganyikiwa. 12, 13. Hicho.

Usiku wa kwanza nikakijaribu nyumbani. Nilifunga kamba moja katikati ya dari nikajilaza. Saa tisa usiku msumari ukang'oka, nikaamka nimefunikwa uso, nikapambana na adui nisiyemwona, nikaanguka kitandani pamoja naye. Mke wangu aliwasha taa akakuta kifurushi kinatukana sakafuni.

Ndipo nikatumia akili niliyolipia ada. Kule ningelala bwenini, hujui dari likoje, wala kama utaruhusiwa kupiga msumari. Nikashona vitanzi kwenye pembe nne kwa utepe wa pamba, mshono wa kwenda na kurudi mara tatu. Kila kitanzi nikakifunga kamba ya mita tatu yenye ndoano mwishoni. Kamba ndefu hivyo inafika popote: bawaba ya dirisha, kabati, mguu wa kitanda cha juu, hata mti. Kisha chini, kuzunguka chandarua chote, nikaunganisha ukanda wa kitambaa kizito wa upana wa kiganja. Huo ndio siri. Chandarua chepesi ukikichomeka chini ya godoro kinachomoka ukigeuka. Chenye pindo zito kinakaa. Nililala nacho wiki nzima sebuleni, nikikifunga kila usiku mahali tofauti, mpaka nikaweza kukitundika gizani kwa dakika nne. Watu wa kule walipokiona waliniomba niwashonee vyao, lakini hayo ni ya baadaye.

Ndugu nao hawakulala. Waliniletea mizigo ya nguo kuukuu "za watoto maskini". Nikafungua: majaketi ya baridi, sweta za sufu, kiatu kimoja cha mpira. Nchi ya joto! Nilikuwa na kilo 23 tu za mzigo. Nikazirudisha zote kwa heshima, nikawaambia kule nguo zinauzwa na kuna mafundi kama mimi wanaoishi kwa kuzishona. Shangazi hajanisamehe mpaka leo.

Na sasa aibu yangu kubwa. Nilipowauliza cherehani ni za aina gani, waliniandikia kwamba ni kubwa, zina meza. Basi nikajua kila kitu. Kubwa, meza, maana yake za kiwandani. Nikanunua sindano hamsini, namba 14 na namba 16, bora kabisa, nikazifunga kwenye kopo la plasta nikijisifu kwa kuona mbali.

Kumbukeni nilikuwa nimesogeza safari kwa sababu ya chanjo. Katika siku hizo za bure, kwa uvivu tu, nikamwomba mama mkuu wa kituo anitumie picha ya sindano iliyovunjika ndani ya mashine, aiweke kando ya rula. Picha ikaja. Nikaikuza. Shina la sindano, ile sehemu ya juu inayobanwa kwenye mashine, lilikuwa bapa upande mmoja.

Msio mafundi hamtaelewa moyo wangu ulivyoanguka. Sindano za kiwandani zina shina la duara. Za cherehani ya nyumbani zina shina lenye ubapa, na moja haikai kwenye nafasi ya nyingine hata uiombe. Nikaomba picha ya mashine nzima. Ilikuwa cherehani nyeusi ya kukanyaga, yenye meza, ndiyo, meza ya mbao na gurudumu chini. Ileile niliyojifunzia ufundi nikiwa mtoto! Kwa hiyo chanjo iliyonila nusu ya tiketi ndiyo iliyoniokoa.

Tangu hapo sikuamini neno, niliamini vipimo. Mkanda wa ngozi ulikuwa umekatika, nao hawakuujua urefu. Nikamwambia mama mkuu achukue uzi, auzungushe kwenye gurudumu la juu na la chini kwa njia ile ile ya mkanda, aukate, aunyooshe sakafuni, aupime.

"Fundi, nimepima mara mbili, nimepata namba mbili," akaniandikia.

"Mama, uzi uliuvuta?"

"Mara ya pili niliuvuta."

"Chukua ya pili."

Hata hivyo nilibeba mkanda mrefu kuliko kipimo, maana kukata ni rahisi, kurefusha hakuna, na ngozi hulegea, hivyo ukiukatia pale unaupunguza kidogo tena. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, nilimwambia ailaze kwenye karatasi, aizungushie penseli, aandike kimo chake pembeni. Huduma hiyo ya karatasi na penseli haijanigharimu kitu na ndiyo iliyojaza begi langu vitu vinavyoingia: bobini kumi, sindano za ubapa, springi, mafuta kidogo kwenye mzigo mkubwa. Mkasi nao mzigo mkubwa, tafadhali. Nilikuwa karibu kuuweka kwenye begi la mkononi, mkasi wa inchi kumi, nikakumbuka niko nje ya mlango na teksi inapiga honi.

Begi lilipima kilo 22 na kitu. Cherehani ya kwanza ilizunguka siku ya pili baada ya kufika, ya pili ilinichukua siku sita kwa sababu panya walikuwa wamejenga ndani yake.

Zile sindano hamsini za shina la duara bado ninazo, kopo halijafunguliwa. Mwenye mashine ya kiwandani aniambie.