Nilivyozifanya silivu za Triumph TR4 zisivuje

Silivu (mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) nyingi nilizozitoa kwenye injini za gari la TR4 zilikuwa bado na chuma cha kutosha. Kilichoziponza ni kikalio, yaani ukingo wa bloki ambao silivu inaukalia kwa chini: maji ya kupozea yalipita hapo yakashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili ikawa na rangi ya maziwa, na beringi zikafuata. Ndiyo maana nikifungua injini hii, muda mwingi zaidi ninautumia pale silivu inapokalia kuliko kwenye silivu yenyewe.

TR4 ilitengenezwa kati ya 1961 na 1965. Injini yake ya kawaida ya cc 2138, kipenyo 86 mm na mwendo wa pistoni 92 mm, ni ya ukoo mmoja na ya Standard Vanguard na ya trekta la Ferguson TE20. Silivu zake ni za maji. Hazikushindiliwa ndani ya bloki kama silivu kavu. Zimesimama tu, na maji yanazigusa mgongoni. Juu zinazibwa na gasketi ya silinda hedi, chini na gasketi nyembamba yenye umbo la namba 8. Kila gasketi inabeba silivu mbili, kwa hiyo injini nzima inategemea gasketi mbili tu kutenganisha maji na oili.

Kabla ya kutoa silivu naipiga alama ya namba yake na upande unaotazama mbele, ili kama inarudi, irudi kama ilivyokuwa. Pistoni zikishatoka, naisukuma kutoka chini kwa gogo la mti mgumu. Usiigonge kwa nyundo ya chuma, ukingo wake wa chini unabanduka kirahisi.

Silivu zikitoka ndipo uchafu unaonekana. Nyuma, kuzunguka silinda ya 4, hujaa tope la kutu lililoganda kama udongo wa kichuguu, na mara nyingi limeziba hata tundu la kumwagia maji. Injini inayochemka upande wa nyuma huku rejeta ni nzima, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Nalikwangua kwa waya mgumu na bisibisi ya zamani, nasuuza, narudia mpaka maji yatoke meupe.

Kikalio nakisafisha kwa kikwangulio cha shaba na mafuta ya taa. Msasa situmii, maana punje zake hubaki kwenye pembe na punje moja inatosha kuinyanyua silivu upande mmoja. Ukipitisha ukucha na ukahisi vishimo vidogo vya kutu, weka dawa laini ya kusagia valvu, uzungushe silivu kuukuu juu ya kikalio kwa mkono mpaka upate mstari wa kijivu usiokatika pande zote, kisha uoshe kila kitu mara mbili. Kishimo kilichokata kikalio kutoka ukingo hadi ukingo hakitibiki kwa kusaga. Bloki hiyo iende kwa fundi wa mashine, na gasketi nene zaidi zirudishe kimo kilichoondolewa.

Kimo hicho ndicho roho ya kazi. Silivu inatakiwa ichomoze juu ya uso wa bloki kwa inchi 0.003 hadi 0.005, yaani takriban 0.08 hadi 0.13 mm. Ikiwa chini ya hapo, gasketi ya hedi haiibani vizuri: moto unapenya kati ya silinda mbili au kuingia kwenye maji, na rejeta inatoa mapovu. Ikizidi, hedi inabebwa na silivu peke yake na sehemu za pembeni hazibanwi.

Wengi hukosea hapa kwa kupima silivu ikiwa imewekwa tu kwa mkono. Gasketi ya chini haijalala, kwa hiyo kipimo kinadanganya. Mimi nakata vipande vya bomba, navivika kwenye stadi (bolti zinazoshikilia hedi), naweka washa pana inayokanyaga ukingo wa silivu, nakaza nati kiasi, ndipo napima kwa geji ya mshale sehemu nne za kila silivu. Ukikosa geji, rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) zinatosha. Silivu mbili za gasketi moja nataka zisipishane zaidi ya 0.025 mm. Zikipishana, kwanza nazitoa na kutafuta uchafu; mara nyingi ndio chanzo.

Gasketi zenyewe zipo za chuma na za shaba. Nachagua za chuma, na napaka Wellseal (dawa ya kuzibia viungo) nyembamba pande zote mbili. Nyembamba kweli: ikijibinya na kutokeza, ulipaka nyingi.

Vibano hivyo vya bomba havitoki mpaka hedi iwe tayari kupanda. Ukizungusha kranki bila vibano, ringi zinaivuta silivu juu na muhuri wa chini umeshakwisha, hata kama jicho halikuona kitu.

Jaribio la mwisho nalifanya sampu ikiwa bado haijafungwa. Bloki ikiwa wima, naziba matundu ya pembeni, najaza maji mpaka karibu na uso wa juu, natandika karatasi kavu chini na kuacha usiku kucha. Asubuhi napitisha kidole kuzunguka kila silivu kwa chini. Unyevu wowote, hata wa jasho, unamaanisha kufungua tena.

Maji yasiwe matupu. Tumia kulanti (kimiminika cha kupozea injini) yenye kinga ya kutu na uibadilishe kila baada ya miaka 2, kwa sababu kutu ya mgongo wa silivu huanza taratibu kisha hutoboa. Hedi naikaza kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, naiwasha injini mpaka ipate joto, naiacha ipoe kabisa, halafu naikaza upya.